Tujue Kutengeneza Pikipiki Zetu, na Tuendelee Kudai

Wandugu vijana wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi, na ninyi wote mnaotufuata kwenye simu,

Leo hatuandiki juu ya maandamano. Tunaandika juu ya mafuta ya motere, juu ya buji, sheni na filitre. Wengine watacheka: "Wenye diplome sasa wamekuwa mafundi wa pikipiki?" Wacha wacheke. Kati yetu kuko wenye lisansi ya sheria, ya uchumi, ya jeoloji, na asubuhi wanavaa gileti na kupanda pikipiki ya mutu mwingine, juu kazi waliyosomea haijapatikana. Mji unawaita manseba. Hapo hakuna haya. Kinachotuuma ni kuona kijana anatafuta feza tangu saa kumi na mbili asubuhi, na jioni nusu yake inabaki kwa mekanisie kwa kazi ya dakika ishirini ambayo angeweza kuifanya mwenyewe kwenye parsele ya mama yake.

Msimamo wetu uko na sehemu tatu. Kila kijana anayeishi kwa pikipiki ajue kazi ndogo za kuitunza. Mwenye pikipiki abebe sehemu yake ya gharama. Na serikali isifikiri kwamba tukijua kufungua bulo, deni lake kwetu limefutwa.

Tuanze na pikipiki yenyewe. Nyingi za hapa ni TVS na Boxer za kutoka India, na zingine za kutoka China. Zile za zamani ziko rahisi: silinda moja, motere inayopozwa na upepo, kabureta, breki za ngoma. Hazina kompyuta ndani. Mwenye kle namba 10, 12, 14 na 17, kle ya kutolea buji, turnevisi mbili na kitambaa safi anaweza kufanya kazi nyingi. Wakikusanya vijana watano, sanduku moja la vyombo linawatosha wote.

Adui wa kwanza wa pikipiki hapa Lualaba si uzee. Ni mavumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua hainyeshi, malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana, na udongo mwekundu unasimama hewani kama moshi. Motere inavuta hewa hiyo hiyo tunayovuta siye. Filitre ikitoboka au ikikaa vibaya, mavumbi yanaingia kwenye silinda na kuikwaruza pamoja na segema za pistoni. Baadaye motere inaanza kula mafuta, moshi wa buluu unatoka nyuma, nguvu inapungua kwenye mpando. Hapo bei si ya kitambaa na sabuni tena. Ni bei ya kufungua motere nzima.

Njo maana kazi ya kwanza ni filitre. Ikiwa ya sponji, ioshe kwa maji na sabuni, ikamue bila kuipotosha, iache ikauke kabisa, halafu uipake mafuta kidogo ili ikamate mavumbi. Ikiwa ya karatasi, ipulize toka ndani kwenda inje. Ikishakuwa nyeusi au imepasuka, nunua mpya. Wakati wa mavumbi iangalie kila wiki. Kuna wanaoitoa kabisa ili pikipiki "ipumue". Wandugu, hiyo ni kuua motere.

Kazi ya pili ni mafuta. Motere hizi ndogo zinabeba karibu lita moja tu, na mafuta hayo hayo yanalainisha giaboksi na klachi. Kwa hiyo tumia mafuta ya pikipiki yaliyoandikwa 4T. Mafuta mengine ya gari yanaweza kufanya klachi iteleze. Washa motere dakika chache ili mafuta yapate joto, izime, toa bulo ya chini, acha yatoke yote. Ukirudisha bulo usiikaze kwa hasira: motere ni aluminiamu, nyuzi zake zinakatika haraka. Pima kiwango pikipiki ikiwa imesimama wima. Unaponunua, angalia kama kifuniko cha bidoni hakijaguswa. Mafuta ya zamani usiyamwage kwenye mtaro wala pembeni ya kisima. Maji ya mji huu yamechafuliwa vya kutosha. Siye tusiongeze yetu. Yaweke kwenye bidoni, wenye kupaka mbao juu ya mchwa watakuja kuyachukua.

Kazi ya tatu ni buji, ile wengine wanaita plagi. Itoe motere ikiwa imepoa, isome kama barua. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, motere inachoma vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, esanse ni nyingi kuliko hewa, na mara nyingi kosa ni filitre chafu. Ikiwa nyeusi na imelowa mafuta, segema zimechoka. Ikiwa nyeupe sana, motere inapata joto kupita kiasi. Nafasi kati ya ncha zake iwe karibu 0.7 ya milimita. Hapo tayari umejua ugonjwa kabla ya kuuliza mutu, na hakuna atakayekuuzia kabureta mpya wakati tatizo ni sponji.

Kazi ya nne ni sheni. Isukume kwa kidole katikati, upande wa chini: iwe inacheza sentimita mbili mpaka tatu. Ikilegea inaruka, ikikazwa sana inakula bearingi na meno. Legeza nati ya ekseli ya nyuma, zungusha vikazio vya pande zote mbili sawasawa ukifuata alama, halafu kaza nati. Sasa sikilizeni: ukisogeza gurudumu, breki ya nyuma nayo inabadilika. Usiondoke kabla ya kujaribu pedali.

Ya tano ni breki zenyewe, na hapa hatucheki. Kwenye ngoma nyingi kuna mshale mdogo unaoonyesha kama viatu vya breki vimekwisha. Ukipita alama, badilisha. Kukaza waya hakutasaidia tena. Usipulize vumbi la ndani ya ngoma kwa kinywa, futa kwa kitambaa chenye maji. Nyuma yako kunakaa mama anayetoka sokoni, mwanafunzi, mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Mbele yako kuko lori la tani nyingi. Kijana anayepanda pikipiki bila breki juu "leo feza haitoshi" anacheza na maisha ambayo si yake peke yake.

Zaidi ya hapo, simama. Vali, klachi, pistoni, giaboksi: peleka kwa mekanisie. Tumesikia wasiwasi kwamba tunataka kuwanyima mkate ndugu zetu wa garaji. Hapana. Mekanisie wa kweli hapati maisha kwa kufuta filitre. Anapata kwa kazi nzito, na kazi hiyo inahitaji mteja mwenye feza ya kulipa na anayejua kueleza tatizo. Anayekosa kazi tukijifunza ni yule tu anayeishi kwa ujinga wetu.

Sasa tuje kwa verseman. Wengi wetu hatupandi pikipiki yetu. Kila jioni tunapeleka kwa mwenye nayo kiasi kilichopangwa, mvua ikinyesha au jua likiwaka. Pikipiki ikiharibika, mara nyingi anayeambiwa alipe ni dereva, na siku iliyopotea nayo anadaiwa. Tunasema: haiwezekani mutu achukue faida ya mashine na kumwachia mwingine uchakavu wake. Andikeni mapatano, hata kwenye karatasi ya kaye: nani ananunua mafuta, nani ananunua pine na sheni, siku ya matengenezo inahesabiwa namna gani. Mkiweka kaye ya matengenezo yenye tarehe na kilomita, mtakuwa na neno la kusema. Dereva anayeonyesha kwamba filitre ilioshwa kila wiki hawezi kuambiwa kirahisi kwamba yeye ndiye ameua motere.

Nani atatufundisha? Tuko na walimu, tunawapita kila siku bila kuwauliza. Kati ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwenye mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Kati yao mlikuwa mafundi wa atelie: wachomeleaji, watu wa torneri, watu wa motere. Wengine wamekufa. Wengine bado wako, wanakaa mbele ya nyumba zao, na mikono yao haijasahau. Papa wa namna hiyo hahitaji hotuba yetu. Anahitaji vijana wafike na heshima, na sukari ya chai, na kumwambia: "Papa, utuonyeshe." Ujuzi ambao kampuni ya taifa iliujenga kwa miaka mingi usizikwe nao mmoja mmoja.

Tunajua swali kali zaidi linatoka kwa wenzetu wenyewe. Wanasema: "Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, betri za magari ya umeme zinaanzia hapa, na ninyi mnatufundisha kufua sponji? Hiyo si Artikulu 15 ile ile ya wazee, kila mutu ajipange?" Swali hilo ni la haki. Artikulu 15 inakwambia ujipange peke yako na unyamaze. Siye tunasema tujifunze pamoja na tuendelee kusema. Kijana ambaye jioni anabaki na feza kidogo anaweza kupata muda wa kuja kwenye mkutano, kusoma sheria, kukataa bahasha ya mwanasiasa. Yule ambaye pikipiki imemla mpaka mfupa, njaa inamnunua kwa bei ndogo.

Na sheria iko. Kodi ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ruayalti namna hii: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa provinsi, 15% kwa komini, sekteri na sheferi ambako mgodi unafanya kazi, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwisho wa mwaka huo huo kobalti ikatangazwa kuwa madini ya stratejia, na ruayalti yake ikapanda mpaka 10%. Basi tunauliza viongozi wa mji, wa Dilala na wa Manika: ile 15% imefanya nini kwenye barabara zinazoua pikipiki zetu na vifua vya watoto wetu? Tunadai hesabu ibandikwe mahali pa wazi. Tunadai barabara zinazopitwa na malori zimwagiliwe maji wakati wa mavumbi, kila siku, na mitaani pia, si mbele ya ofisi tu. Tunadai atelie moja ya umma kila komini, yenye vyombo na mwalimu anayelipwa, mahali kijana anaweza kujifunza bila kulipa.

Wakati tunangoja majibu, hatukai. Jumamosi hii, kila kikundi cha mtaa kitafute kivuli, sanduku moja la vyombo, na papa mmoja anayejua. Muanze na filitre. Mwisho wa kazi, kabla ya kutawanyika, msome pamoja kifungu cha 242 cha Kodi ya Migodi.

Mikono ikiwa na mafuta, kichwa kibaki wazi. Tuko wengi, na tuko macho.