Mganga Hayumo
Nikiandika "Kasulu" kwenye sentensi ya kwanza, msomaji wa Dar tayari anamsubiri mganga. Nikiandika "Kibondo", anamsubiri mkimbizi. Kambi si uzushi: Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996; Nduta ni ya Kibondo. Lakini waandishi wenzangu, matarajio hayo ni mtaji, nanyi mnauuza kwa bei ya kutupa: mnamleta mganga kweli, kisha mwishoni, "kumbe ilikuwa ndoto". Huko ni kumnyima msomaji habari tu. Mimi nataka hadithi fupi imwache amtafute mganga mstari kwa mstari, huku mama akipima maharage sokoni na kugombania chenji. Ikiisha, "kumbe" iwe yake msomaji: kumbe mganga nilikuja naye mwenyewe.