Moshi mweusi sio kifo cha injini

Mitihani imeisha, kichwa kimetulia, sasa niseme jambo linalonikera: huko kwetu Shinyanga na Geita, gari ikitoa moshi mweusi tu, utasikia "tushushe injini". Jamani!

Wenzetu wa Ulaya wanafungia magari kipindi cha theluji. Sisi tuna mvua. Kuanzia Novemba barabara za machimboni zinakuwa tope, wengine wanapaki mpaka Aprili. Baba mdogo ana pikapu ya dizeli anayobebea wachimbaji Nyarugusu. Alipoiwasha baada ya mvua, ikatoa moshi mweusi tii. Fundi mmoja akasema ringi zimekwisha. Hela aliyotaja ilikaribia ada ya mdogo wangu!

Mimi nilipinga, na bado napinga. Ringi zikichoka, oili inaungua, na moshi wake ni wa bluu. Mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Injini ya dizeli inapewa mafuta kadiri unavyokanyaga, hivyo hewa ikizibwa, mafuta hayaungui yote, yanatoka masizi.

Kwa hiyo anza na vitu vya bei rahisi. Iwashe nje ipate moto. Usiwashe ndani ya banda lililofungwa, maana gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua. Vile vitone vyeusi vya mwanzo mara nyingi ni unyevu wa ndani ya ekzosi unaozoa masizi ya zamani. Vikikoma, shukuru Mungu, endelea na safari.

Moshi ukiendelea, fungua ea klina. Sisi tulikuta kiota cha panya, kimejaa pamba na pumba za mpunga! Halafu toa maji kwenye filta ya dizeli, kwa sababu tenki likikaa nusu tupu muda mrefu, unyevu unaingia. Baada ya hapo ndio upime nozeli. Kama ni gari ya petroli, chomoa plagi: nyeusi kavu kama masizi, mafuta yanazidi, yenye oili oili, hapo sasa ongea habari za ringi.

Pikapu ilibadilishwa ea klina, nozeli mbili zikasafishwa, ikarudi barabarani. Injini haikuguswa.

Lakini tusiwalaumu mafundi peke yao. Fundi akikaa saa nzima anachunguza, sisi tunamwambia "si umeangalia tu?" na hatumpi hata mia. Akifungua injini, tunalipa bila ubishi. Sasa mnategemea achague nini? Tukianza kulipia uchunguzi, tutaokoa injini nyingi, na ada za wadogo zetu.

Nawasilisha. Mwenye mawazo tofauti tukutane kantini, ila chai unalipa wewe!