Kiboksi Ndicho Chenye Bei

Wiki hii naongea na wale wa redio za masafa mafupi. Najua mpo! Siku hizi kila nyumba ina chaja na taa za LED, na vyote vinakoroma ndani ya redio kumshinda mtangazaji. Ndipo mnaambiwa nunueni antena ya pete. Sawa, ila mnajua mnalipia nini?

Pete yenyewe mara nyingi ni bomba la aluminiamu tu, upana kama mita moja. Wimbi la megahezi 6 lina urefu wa mita 50, kwa hiyo pete inaambulia umeme kiduchu mno. Kazi yote iko kwenye kiboksi kilichofungwa kwenye ncha zake. Ndani mna amplifaya yenye pande mbili pacha, kila upande na ncha yake. Matangazo yanaingia kinyume, upande huu ukipanda ule unashuka, nayo yanakuzwa. Kelele nyingi za umeme wa ndani zinaingia pande zote sawasawa, basi zinafutana. Ujanja wenyewe ndio huo!

Umeme wa kuendesha amplifaya unapanda kwa kebo ile ile inayoshusha matangazo. Karibu na redio kuna kikopo kingine: koili inapitisha umeme wa adapta na kuzuia mawimbi, kapasita inafanya kinyume chake. Kila mtu na njia yake, hakuna kugombana.

Sasa bei. MLA-30 kutoka China ni ya bei poa, ndani ina chipu ya TL592B iliyobuniwa kwa kazi za video. Inafanya kazi, lakini ukikaa jirani na mtambo mkubwa wa redio inalemewa, stesheni moja inazuka hata mahali isipokuwepo. Zile za ghali, kama Wellbrook za Wales, zilisifika kwa sababu amplifaya yake inakula mkondo mkubwa, zaidi ya miliampia 100, ili isilemewe ovyo.

Kwa hiyo kaka yangu, dada yangu, muuzaji akikutambia eti "inavuta sana", usibabaike. Kuvuta si hoja, maana na kelele inazivuta. Mimi ningemuuliza: ikikutana na stesheni kubwa ya jirani inahimili? Na adapta je, iko kimya? Adapta yenye kelele inazipandisha mpaka kwenye antena, utakuwa umemfungulia mwizi mlango mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.