Vijana Wetu Wafundishwe Nani Alilima Pamba, Si Majina ya Marais Tu



Kuna somo linalofundishwa vibaya kwa vijana wetu, na leo nalisema waziwazi: historia ya Marekani ya mwanzo. Najua wengine watasema, vita iko mlangoni na wewe unatuletea habari za Marekani? Ndiyo, ninazileta. Familia nyingi hapa zina ndugu aliyepitia Nyarugusu au Nakivale akafika kule, au ambaye bado anangoja. Watoto wa ndugu hao, wakifika miaka 13 au 14, katika majimbo mengi ya nchi ile wanakaa darasani kusoma jinsi Marekani ilivyoanza. Na waliobaki huku wanaiota nchi hiyo usiku na mchana.

Lakini waulize wanajua nini. George Washington, rais wa kwanza. Mwaka 1776, uhuru. Basi. Halafu wanaongeza la kwao: Wazungu walifanya kazi sana, Mungu akawabariki, wakatajirika. Mwalimu anayewaacha na jibu hilo amewafundisha kwamba kila tajiri alistahili na kila maskini alizembea. Kijana aliyefukuzwa kwenye shamba la babu yake akiamini hivyo, atajiona yeye ndiye mwenye kosa.

Somo lianze na udongo na mikono iliyolima. Waingereza walifika Virginia mwaka 1607. Kilichowapa fedha ni tumbaku, na tumbaku inataka watu wengi. Kwanza walileta maskini wenzao, vibarua waliofungwa kwa mkataba wa miaka kadhaa ili kulipia safari ya meli. Mwaka 1619 wakafikishwa Waafrika 20 na zaidi kidogo, walionyakuliwa huko Angola, jirani yetu. Mwaka 1662 wakubwa wa Virginia wakaandika sheria: mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Hapo mwalimu asimame na kuuliza darasa: sheria hiyo ilimfaidi nani? Kijana wa miaka 14 atajibu bila kitabu.

Tena kuna watu wa kwetu katika historia hiyo. Mwaka 1739, karibu na mto Stono huko South Carolina, nchi ya mashamba ya mpunga, watumwa walichukua silaha na kuanza kuelekea Florida kutafuta uhuru. Wanahistoria wengi wanaona kwamba viongozi wao walitoka katika ufalme wa Kongo. Walishindwa. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kukataza kumfundisha mtumwa kuandika, na faini yake ilikuwa pauni 100. Wazazi mnaosema masomo hayana faida wakati wa vita, fikirini hilo. Wale waliotaka kuwatawala babu zetu milele waliogopa kalamu.

Kisha waonyeshwe jinsi uchumi unavyogeuka. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba, kutenga mbegu na nyuzi. Mtu angedhani mashine itawapumzisha watumwa. Ilikuwa kinyume. Kwa sababu pamba sasa ilichambuliwa haraka, wenye mashamba walitaka kulima zaidi na zaidi. Mwaka 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Pamba hiyo ilikwenda Uingereza, na pia kaskazini, kwenye viwanda vya nguo kama vile vya Lowell, Massachusetts. Huko walifanya kazi wasichana waliotoka vijijini, wengine wa umri wa binti zetu. Mwaka 1834 wenye viwanda walipopunguza mshahara, wasichana hao waliacha mitambo na kutoka nje kugoma. Mtumwa wa kusini na msichana wa kaskazini hawakuonana kamwe, lakini uzi mmoja uliwaunganisha, na faida ya uzi huo ilikwenda kwa wengine. Sisi ambao madini ya milima yetu yanakwenda mbali kutengeneza simu, tunahitaji nani atueleze jambo hilo?

Na sasa jambo la uhamisho. Watu wa Cherokee walikuwa na mashamba yao huko Georgia. Walikuwa na maandishi ya lugha yao na gazeti lao, lililoanza mwaka 1828. Karibu na wakati huohuo dhahabu ikaonekana katika ardhi yao, na wachimbaji wakamiminika. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji ng'ambo ya mto Mississippi. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ikasema sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Cherokee. Mwaka huohuo Georgia iligawa ardhi yao kwa bahati nasibu. Mwaka 1838 askari waliwatoa nyumbani na kuwaweka kambini, kisha watu wapatao 16,000 wakapelekwa magharibi. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa kwa ugonjwa, baridi na njaa.

Dhahabu, askari, kambi, njia ndefu. Mtoto wa kambini akisikia hayo ataelewa kwamba kufukuzwa si laana ya ukoo wake. Kuna watu waliotaka ardhi, na kuna wakubwa waliotia sahihi.

Wapo wanaonipinga. Wanasema tuanze na historia yetu. Ninakubali, nayo ifundishwe. Lakini anayejua historia ya kwake peke yake hufikiri mateso yake hayana mfano duniani. Wengine wanasema tutafungua vidonda vya watoto. Ni neno la kweli, kwa hiyo mwalimu asimlazimishe mtoto yeyote kusimulia alivyokimbia. Azungumze habari za Georgia. Anayetaka kulinganisha atalinganisha moyoni mwake. Wengine wanaogopa watoto watachukia Marekani. Hapana, kama somo litakuwa kamili. Cherokee walikwenda mahakamani. Wasichana wa Lowell waligoma, na baadaye wakaandika maombi ya kupunguziwa saa za kazi. Weusi na weupe walipinga utumwa hadi ukafutwa katika katiba mwaka 1865. Yaliyoamuliwa na watu, watu wengine waliyageuza.

Hakuna vitabu? Mwalimu achukue kipande cha kitambaa cha pamba. Agawe vijana makundi manne, kila moja na swali lake. Nani alilima? Nani alifuma? Nani alifukuzwa ili shamba lipatikane? Nani alihesabu fedha? Awaeleze habari hizi, kisha makundi yajibizane saa moja. Mwaka na jina la rais vitaingia kichwani vyenyewe, kwa sababu vitakuwa na mahali pa kukaa.

Kwa hiyo nawaambia walimu wa kujitolea, viongozi wa kambi na mashirika yanayosaidia masomo: acheni kuwakaririsha vijana orodha ya marais. Nanyi wazazi, jioni mtoto akirudi, msimuulize amepata alama ngapi. Mwulizeni: leo umejua nani alilima, na nani alikula?