Alama Moja kwa Nchi Nne

Wanafunzi wa somo la mawasiliano vyuoni aghalabu hukariri nadharia mbili. Ya kwanza ni ya Mmarekani Edward T. Hall, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1976 alitofautisha jamii ambazo ujumbe wake hubebwa na muktadha, yaani nani anena, wapi na kwa heshima gani, na zile ambazo ujumbe hukamilika katika maneno yenyewe. Ya pili ni ya Mholanzi Geert Hofstede, aliyezipa nchi alama kulingana na jinsi watu wake wanavyoukubali, kwa mfano, ukubwa wa wakuu wao.

Hatuna ugomvi na Hall. Yeyote aliyepata kubisha hodi Lamu ajua kwamba haja haitajwi kabla ya kujuliana hali, na kwamba maana ya "inshallah" hutegemea sauti iliyoitamka.

Lakini hizo alama! Hofstede alizipata katika hojaji walizojaza wafanyakazi wa kampuni ya IBM kati ya mwaka 1967 na 1973. Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zilitiwa kapu moja, zikaitwa Afrika Mashariki, zikapewa alama moja. Msusi wa makuti wa Kilifi na mfugaji wa Turkana hawakuulizwa neno.

Athari yake huonekana darasani. Mtoto aliyefunzwa kwao kwamba kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu huinamisha kichwa anapoulizwa swali. Mwalimu mgeni, aliyezoea kuona hatia katika macho yanayokwepa, humwadhibu. Wote wawili ni Wakenya, na katika jedwali la Hofstede alama yao ni ile ile. Jedwali hilo lingemfaa nini mwalimu huyo?

Hatusemi vitabu vitupwe, la hasha. Hofstede mwenyewe alionya kwamba alama za nchi zisitumiwe kumpima mtu mmoja mmoja, onyo ambalo husahaulika upesi. Twapendekeza wahadhiri waanze na hojaji na waliozijaza, ndipo wafike kwenye alama. Kisha wamwagize kila mwanafunzi aandike jinsi mtu wa kwao anavyokwenda kwa jirani kuazima jembe: salamu zote, mizunguko yote, na mahali ambapo wote wawili hunyamaza.