Kansa ya matiti: kilo za mizani hazisemi kama mwili utaibeba shimioterapi

Kila mwezi wa kumi, wanawake wa miji yetu ya mashariki wanakumbushwa kujipima matiti na kuwahi hospitali. Ni vema. Lakini mazungumzo mara nyingi yanaishia pale ugonjwa unapogunduliwa. Miezi ya shimioterapi inayofuata inazungumzwa kidogo, na humo ndimo kuna jambo ambalo waganga wa kansa wanalifuatilia kwa zaidi ya miaka 15: misuli ya mgonjwa.

Tuanze na mizani. Kipimo cha dawa nyingi za shimioterapi kinahesabiwa kwa urefu na kilo za mgonjwa. Fomula moja inayojulikana sana ni ya mwaka wa 1916, na ilitokana na vipimo vya watu 9 tu. Haiulizi kama kilo hizo ni misuli ama mafuta. Wanawake wawili wenye kilo 70 na urefu sawa wanaandikiwa dawa sawa, hata kama mmoja amebakiwa na misuli kidogo. Kwa huyo, dawa ileile inaweza kuwa kali kupita kiasi.

Mwaka wa 2009, watafiti wa Canada walifuata wanawake 55 wenye kansa ya matiti iliyosambaa mwilini, waliokuwa wakimeza dawa iitwayo kapesitabini. Mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa misuli, hali ambayo waganga wanaiita sarkopenia. Nusu yao walipata madhara makali ya dawa. Kwa wengine ilikuwa asilimia 20. Ugonjwa ulianza tena kusonga mbele baada ya siku 101 hivi kwa wenye misuli kidogo, na siku 173 kwa wengine. Na sarkopenia ilionekana hata kwa wanawake wanene. Hapo sisi wa huku tunapaswa kusikiliza vizuri, kwani kwetu mtu akinenepa tunamsifu kuwa amepona.

Utafiti mkubwa zaidi ulitolewa Marekani mwaka wa 2018, juu ya wanawake 3,241 ambao kansa yao ilikuwa haijasambaa mbali. Asilimia 34 walikuwa na misuli pungufu, na hatari yao ya kufa ilikuwa juu kwa asilimia 41.

Je, misuli inahusika vipi na dawa kufanya kazi? Njia moja iko wazi. Mgonjwa akitapika, akidhoofika, damu ikipungua, mganga anapunguza kipimo ama anaahirisha duru inayofuata. Huko Milano, Italia, matokeo ya miaka 20 yaliyotolewa mwaka wa 1995 yalionyesha kwamba waliopata chini ya asilimia 65 ya dawa iliyopangwa hawakuishi zaidi ya wale waliofanyiwa upasuaji peke yake.

Tusivuke mpaka, lakini. Kansa yenyewe inakula misuli, kwa hiyo wembamba wa misuli unaweza kuwa alama ya ugonjwa mkali kuliko chanzo cha dawa kushindwa. Hata hivyo, kuna jaribio la Canada la mwaka wa 2007, lenye wanawake 242: waliofanya mazoezi ya kunyanyua uzito wakati wa matibabu walimaliza sehemu kubwa zaidi ya dawa zao kuliko waliobaki na huduma ya kawaida.

Sasa tuje nyumbani. Mwanzoni mwa 2025, watu zaidi ya milioni 27 nchini walihesabiwa kuwa na njaa kali. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, na benki za Goma zikafunga milango. Mgonjwa anayetafuta matibabu Butaro ama Kampala anauza kwanza mbuzi, kisha shamba, na chakula ndicho kinachopunguzwa mwishoni. Bugali wa muhogo unashibisha, ila protini yake ni karibu hakuna. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanashauri gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo kwa mgonjwa wa kansa: kwa mama wa kilo 60, gramu 60 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina 6 hivi. Maharagi, sambaza na karanga ndivyo vinavyobaki karibu na mfuko wa maskini, na ni vibaya kwamba bado kuna majirani wanaomkataza mgonjwa kula nyama na mayai eti vinalisha kansa.

Skana inapima misuli vizuri, lakini kwa wengi iko mbali na ni ghali. Kiti hakina bei hiyo. Mtu anayechukua zaidi ya sekunde 15 kuinuka na kukaa mara 5, mikono ikiwa kifuani, anashukiwa kuwa na misuli dhaifu. Muuguzi anaweza kuandika hesabu hiyo kando ya kilo kabla ya kila duru, na mganga ndiye ataamua juu ya dawa. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe.

Kuhusu chakula, misaada ya lishe katika Kivu mara nyingi imepangwa kwa watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wanaonyonyesha. Mama wa miaka 48 anayengoja duru ya tatu ya shimioterapi hayumo katika orodha hiyo.