Ukishuka Pwani kuvua kwa raha, heshimu tengefu ya wenyewe

Desemba ukichanga pesa na wenzako pale Ruring'u mshuke Pwani, huenda mtu akawauzia safari ya kuvua samaki kwa raha. Poa, lakini uliza kwanza: tunavua wapi?

Kule Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga hekta 30 za bahari mwaka 2005, baada ya samaki kupungua na matumbawe kuharibika. Wanaiita tengefu. Ulikuwa uamuzi wao. Samaki walirudi, na 2017 wakashinda Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Sasa niambie: mvuvi aliyeacha kitoweo cha watoto wake, na wewe unayetaka selfi na samaki, nani ana haki ya kulalamika?

Utasema mgeni analeta pesa. Analeta, ndiyo. Basi azitumie kupiga mbizi atazame samaki, au avue nje ya mipaka na nahodha wa kijiji.

Sisi wa Nyeri tunayajua haya. Trauti wa mto Gura waliletwa na mlowezi mwaka 1905 kwa ajili ya mchezo, wenyeji hawakuulizwa. Tusiwafanyie wa Pwani yaleyale.